Wimbi Lina Wenyewe

Maneno haya niliyasema jioni moja skulini Jambiani, mbele ya wazee, kina mama wa mwani na vijana. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza vicheko.

Assalaam alaykum.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu mliotoka kwenye mwani miguu ingali na mchanga, na nyinyi vijana mliojipanga juu ya ukuta kama kunguru. Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Hawaii. Nimeombwa pia niwe mfupi. Hilo la pili siliahidi.

Wengi mnanijua. Miaka kadhaa nimefundisha wageni mchezo wa kaiti, ule wa kuvutwa na tiara juu ya maji, pale Paje. Mmoja wao alikuwa akirudi kila mwaka, akala kwetu, akamzoea mama yangu hata akaanza kumdai pweza wa nazi kabla hajashusha mzigo. Kwao ni Oahu, kisiwa kimojawapo cha Hawaii. Siku moja akaniambia: wewe umenifundisha upepo, njoo nami nikufundishe wimbi. Nikenda. Nimekaa miezi 3, Desemba mpaka mwisho wa Februari, upande wa kaskazini wa kisiwa, katika mji mdogo unaoitwa Haleiwa.

Ni mbali, jamani. Unguja mpaka Doha, Doha mpaka Los Angeles, na unapodhani umefika unapanda ndege nyingine uvuke nusu ya bahari ya Pasifiki. Saa zetu na zao zinapishana 13. Mama akiamka kwa sala ya alfajiri, mimi bado niko jana, saa 10 jioni. Mara ya kwanza nilipompigia simu na kumweleza hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huko mlikobaki, mwambie fundi wa jana anirudishie cherehani yangu."

Haleiwa msiifikirie kuwa mji wa maghorofa. Maghorofa yako Waikiki, upande wa kusini. Haleiwa ni barabara moja, daraja la matao mawili lililojengwa 1921, maduka ya mbao, na bandari ndogo ya mashua. Kutoka hapo mpaka Sunset Beach ni kama maili 7, na ndani ya maili hizo 7 mna mawimbi ambayo watu wa dunia nzima huota usiku kuyapanda kwa ubao. Wazee watanielewa nikisema hivi: kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, nao wana misimu yao. Majira ya baridi, dhoruba zinapiga mbali kule kaskazini mwa Pasifiki, na mawimbi yake yanasafiri maelfu ya maili mpaka yakagonge miamba ya upande ule. Ikifika Juni upande huohuo unatulia kama birika, na mawimbi yanahamia kusini. Nilikwenda kwenye msimu mkubwa. Usiku wa tatu niliamka nikidhani lori linapita nyuma ya nyumba. Halikuwa lori.

Na watu wale wana tabia moja ya ajabu: hawalikuzi wimbi. Sisi mvuvi akikosa samaki wa kilo 2, akifika nyumbani amekosa papa. Wao wimbi lenye uso wa futi 20 wanakwambia ni la futi 10, maana desturi yao ni kulipima kwa mgongo wake. Kwa hiyo ukiambiwa "leo ni madogo", muulize mtu mwingine kwanza.

Sasa niwape aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha.

Siku ya nne niliingia Puaena, karibu na ile bandari, mahali wanapoanzia watoto. Nikajiambia: mimi mtoto wa Jambiani, nimekulia majini, wimbi la watoto litanifanya nini? Nikaona moja zuri linakuja. Nikapiga maji kwa mikono, nikasukumwa, nikasimama. Nimesimama! Nikapiga ukelele. Nyuma yangu nikasikia ukelele mwingine, na huo haukuwa wa furaha. Kumbe kuna bibi wa miaka sitini na kitu, keshasimama juu ya wimbi lilelile, anakuja zake, na mimi nimejitia mbele yake. Ikabidi ajitupe. Ubao wake ukenda na maji.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alinitazama tu, akaufuata ubao wake. Watu kumi na tano waliokuwa wakingoja zamu walikaa juu ya mbao zao kimya, kama mkutano uliosikia mtu amejamba. (Samahani, Sheha.)

Sheria ni moja, na hata mtoto wa miaka 6 anaijua: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Wengine wote wanaliacha. Hakuna kibao kilichoandikwa, hakuna askari. Wimbi lina wenyewe.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mjomba wake. Kule kila mwanamume mtu mzima ni Anko na kila mwanamke mtu mzima ni Anti, awe ndugu yako au asiwe. Hapo nilijiona niko nyumbani. Viatu pia wanavivua mlangoni, kandambili zimetapakaa nje kama kwenye mlango wa msikiti. Basi Anko huyo alisikiliza kisa changu huku akipaka ubao wake nta, kisha akatoa hukumu. Wiki nzima nisiguse ubao. Nikae mchangani nitazame. Na nikija, nisije mikono mitupu.

Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nimelamba wa watu siku tatu.

Nikatazama. Siku mbili za mwanzo sikuona kitu zaidi ya maji na watu. Siku ya tatu nikaanza kuwatofautisha. Yule mzee mwenye ubao mrefu, akigeuka tu kulitazama wimbi, vijana wanatulia. Yule mtoto wa kike anayeogopa, kila baada ya muda mmoja wa wakubwa anamwita kwa jina na kumwambia, "Hili lako, nenda!" na wote wanampisha. Yule kijana mgeni kutoka Marekani bara, mwenye ubao wa bei, anapiga mbio huku na huku, hapati kitu, na hajui kwa nini. Mchangani nako kuna mpango wake: mmoja ana kisanduku cha barafu, mwingine ana gundi na sandpepa ya kuzibia mbao zilizopasuka, mwingine hafanyi lolote ila anajua habari za kila mtu. Wana neno lao, *kuleana*. Ni haki yako na wajibu wako kwa pamoja, neno moja, huwezi kulikata katikati ukachukua nusu. Ukiwa na haki ya kupanda wimbi la Puaena, una wajibu wa kuokota taka za Puaena. Niliokota sana wiki ile.

Jumamosi nikapika maandazi. Unga wa kule ni uleule, iliki niliibeba mwenyewe kutoka soko la Darajani. Nikampelekea yule Anti niliyemwangusha. Akala moja, akala la pili, la tatu akalifunga kwenye karatasi akasema ni la mumewe, ila nilimwona akilila ndani ya gari. Jumatatu nikaruhusiwa kuingia majini. Nilikaa mwisho kabisa wa foleni. Baada ya saa nzima likaja wimbi, yeye ndiye mwenye zamu, akanitazama akanyosha kidevu: nenda.

Sikupiga ukelele safari hiyo.

Nimekumbuka maandazi, basi niseme habari ya chakula, maana naona mama zangu mmeanza kukaa sawa.

Wao pia wanayo maandazi, wanayaita malasada. Waliyaleta Wareno waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa kuanzia 1878. Mashamba hayo ndiyo yaliyopika chakula cha Hawaii. Walikuja Wachina, Wajapani, Wareno, Wafilipino, Wakorea, kila mmoja na kopo lake la chakula cha mchana, wakawa wanaonjana. Leo ukinunua sahani ya mchana pale, utapewa vijiko viwili vya wali vilivyofinyangwa kama mpira, saladi ya makaroni, na kitoweo cha Kikorea au cha Kijapani pembeni, na hakuna anayeona ajabu. Sisi tulio na urojo tusishangae.

Kuna kitu kinaitwa musubi: wali umekandamizwa, juu yake kipande cha nyama ya kopo iliyokaangwa, ukafungwa kwa karatasi ya mwani. Nyama hiyo ya kopo ilizagaa wakati wa vita vya pili vya dunia kwa sababu ya wanajeshi, na mpaka leo wanaipenda sana. Ni ya nguruwe. Mke wa Anko, alipojua sili, akaanza kunitengenezea yangu ya yai, akaifunga kwa utepe wa rangi nyekundu ili watoto wasinichanganyie. Sikumwomba.

Ila kilichonikalisha chini ni samaki. Wanamchukua jodari mbichi, wanamkata vipande kama vya mishikaki, wanamtia chumvi, kitunguu, mafuta ya ufuta, na mwani. Ndiyo, mwani, mama zangu! Wanauita *limu*. Sisi tumelima mwani hapa na Paje tangu 1989, tumeufunga kwenye kamba, tumeuanika, tumeuuza ukenda huko nje kutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, na hatujauweka kwenye sahani. Kule mwani ni kitoweo, na elimu yake ni ya wanawake. Zamani za wafalme wao, miiko iliwakataza wanawake kula nguruwe, nazi na aina kadhaa za ndizi. Miiko hiyo ilivunjwa 1819. Lakini mwani haukuwa na mwiko, basi wanawake waliujua mmoja mmoja, upi wa jiwe gani, wa mwezi gani, unaliwa na samaki yupi. Na wetu si uleule wao, lakini nilipowaonyesha picha za mama yangu na kamba zake, Anti aliitazama simu muda mrefu, akauliza bei ya kilo. Nikamwambia. Akanirudishia simu.

Majimbi yetu haya, ndiyo chakula chao kikuu cha asili. Wanayachemsha, wanayaponda mpaka yawe uji mzito wa zambarau, wanauita *poi*. Sikuupenda, siwadanganyi. Shelisheli wanalo pia, na nazi, na papai. Na pweza! Anko anazamia pweza kwa kijiti kama bibi zetu wanavyochokoa mwambani. Sasa sikilizeni hili. Jina la pweza kwa Kihawaii ni *heʻe*. Na kuteleza, ni *heʻe*. Kupanda mawimbi kwa lugha yao ni *heʻe nalu*, kuteleza juu ya wimbi. Mtu ambaye amewahi kumshika pweza akamponyoka mkononi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nikaenda hata Manoa kusali Ijumaa, msikiti uko bondeni nyuma ya Honolulu. Kutoka Haleiwa mpaka mjini basi linachukua karibu saa 2. Basi lao ni zuri, lina kiyoyozi, lakini ubao wa mawimbi haupandi. Skeitibodi, ule ubao mdogo wa magurudumu, inaruhusiwa ukiishika mkononi. Nami nikawa nayo, na hapo ndipo nilipofika kwenye zege.

Maana, vijana, msidhani ilikuwa wimbi kila siku. Kwa mtu kama mimi siku nyingi za Januari bahari ilikuwa kubwa mno. Wakubwa wanaingia, sisi wengine tunabaki na mikono mifukoni. Basi kuna uwanja wa zege ng'ambo tu ya barabara kutoka pwani, huko Pupukea, una mashimo kama mabakuli makubwa, na vijana wanateleza ndani yake na magurudumu. Walionifundisha walikuwa watoto. Mwalimu wangu alikuwa msichana wa miaka tisa, alinishika mkono kama anayemvusha kipofu barabara, na kila nikianguka anasema, "Goti, Anko, kunja goti!" Nimeitwa Anko kwa mara ya kwanza nikiwa nimelala chali. Kovu la kiwiko hili hapa.

Nilidhani ni michezo miwili. Ni mmoja. Skeitibodi ilizaliwa California na wapanda mawimbi waliotaka kuteleza siku ambazo bahari imelala. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaja magurudumu ya plastiki laini inayoshika barabara vizuri, na vijana wa Santa Monica wakaanza kuiga barabarani mitindo waliyoiona majini. Waliyemuiga zaidi ni Mhawaii, Larry Bertlemann, ambaye alikuwa akijipinda chini kabisa mpaka mkono wake unagusa uso wa wimbi. Wale wakagusa lami. Mtindo huo hadi leo kwenye zege unaitwa Bert, kwa jina lake, na yule mwalimu wangu wa miaka tisa alinionyesha bila kujua kuwa Bert alikuwa mtu.

Kuna jina jingine lazima nilitaje, maana utaliona kwenye magari, kwenye kofia, kwenye ukuta wa duka la barafu: Eddie Aikau. Alikuwa mlinzi wa pwani ya Waimea, upande uleule wa kaskazini, kuanzia 1968, na watu aliowatoa majini wanahesabiwa kwa mamia. Mwaka 1978 aliingia katika chombo kinachoitwa Hokuleʻa, jahazi la magogo mawili lililojengwa kwa mtindo wa wahenga wao, linaloendeshwa kwa nyota bila dira. Usiku likapinduka kwenye mlango kati ya visiwa. Asubuhi Eddie akachukua ubao wake, akasema anakwenda kutafuta msaada nchi kavu. Wenzake waliokolewa siku hiyohiyo. Yeye hakuonekana tena.

Mashindano ya kumkumbuka hufanyika Waimea, lakini si kila mwaka. Yanangoja bahari. Nyuso za mawimbi zisipofika kama futi 40, hakuna mashindano, watu wanarudi nyumbani. Kwa hiyo tangu miaka ya 1980 mpaka mwisho wa 2024 yamefanyika mara 11 tu. Januari 2023 alishinda Luke Shepardson, naye ni mlinzi wa pwani, na siku hiyo alikuwa zamu. Alikuwa akiingia majini kwenye mapumziko yake, akitoka anarudi kazini kutazama wanaozama. Kisa hicho nimesimuliwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja alifika pale pa "alikuwa zamu" akanyamaza kidogo ili niingiwe.

Wazee wa ngalawa, hapa ninyi ndio wenye shahidi. Mtumbwi wao una mrengu, lile gogo la kando linalouzuia usipinduke, upande mmoja. Wetu una mirengu pande mbili. Wanahistoria wanasema ujuzi huo ulisambazwa na mabaharia walewale wa asili ya visiwa vya Asia: tawi moja likaelekea mashariki mpaka Hawaii, jingine likavuka kuja Bukini, yaani Madagaska, na kwetu huku likaacha ngalawa. Nilimchorea Anko ngalawa kwenye mchanga. Akauliza kwa nini mirengu miwili. Nikasema kwa sababu sisi tunaweka tanga kubwa na tunapenda kurudi nyumbani. Akakubali ni sababu nzuri.

Sasa msije mkadhani nimewaletea habari za peponi. Nyumba ya kawaida Oahu inauzwa zaidi ya dola milioni moja. Sehemu kubwa ya chakula inakuja kwa meli, na bei yake unaijua ukishika mfuko wa maziwa. Watoto waliozaliwa mbele ya mawimbi yale wakikua hawamudu kodi, wanahamia Las Vegas, jangwani, wamekuwa wengi hata mji huo unaitwa kwa utani kisiwa cha tisa cha Hawaii. Anko ana watoto watatu, wawili wako huko. Barabara yenyewe ya pwani ina njia mbili tu, na kuna mahali panaitwa Laniakea ambapo msururu wa magari unasimama nusu saa kwa sababu watalii wanavuka kutazama kasa. Kasa mwenyewe amelala.

Lakini jambo moja wamelishikilia. Ufukwe ni wa watu wote. Sheria yao inasema mpaka pale wimbi la juu linapofika, hakuna mwenye nyumba wala hoteli anayeweza kusema hapa ni pangu. Tajiri anaweza kununua kiwanja cha mbele, hawezi kununua mchanga. Mtoto wa Haleiwa anapita mbele ya jumba la mamilioni na ubao wake kwapani, maji yanachuruzika, hasalimii mtu asiyemtaka. Mimi huku kwetu niliwahi kuambiwa na mlinzi, kijana mwenzangu, tumesoma naye, kwamba nipite nyuma maana mbele kuna wageni. Nilipita nyuma. Hilo ndilo lililonirudia nikiwa nimekaa mchangani Puaena nikitumikia adhabu yangu. Pale mgeni nilikuwa mimi, nikafundishwa adabu na wenyeji, na sikuona vibaya hata kidogo. Hapa mwenyeji ni mimi, na adabu nimefundishwa kwa ajili ya mgeni.

Na tusimtupie mlinzi peke yake. Watoto wetu wangapi hapa wanajua kuogelea? Inueni mikono. Haya, naona. Na wa kike? Shusheni basi.

Bahari yetu si ya Haleiwa. Maji yakikupwa unatembea mpaka mwamba ukiwa na ndoo kichwani, na mawimbi yanavunjikia kule nje, hayafiki hapa mchangani. Lakini yapo. Msimu wa kusi, upande wa kushoto wa mlango wa mwamba wanapotokea wavuvi, yapo mawimbi ambayo Anko angeyaita madogo, na mnajua maana yake. Nimerudi na mbao mbili za kuazima ambazo sijaambiwa tarehe ya kuzirudisha, moja ina ufa nimeuziba mwenyewe. Skeitibodi ninazo tatu, na tutatumia ule ukumbi wa zege nyuma ya kituo cha mwani, kwa idhini ya kina mama, siku wasizoanika.

Kesho ni maji mafu, yanajaa asubuhi saa 4. Baba mdogo amekubali kututoa kwa ngalawa watu sita. Asiyejua kuogelea naye aje, huyo tutabaki naye ndani ya mwamba, maji ya kiunoni, dada yangu atakuwepo kwa wasichana. Anayekuja aje na kitu cha kula. Mimi nitapika maandazi, na anayejua namna ya kula mwani wetu huu bila kutapika, nitamkalisha mbele kabisa ya ngalawa.